Kwa nini saa nyeusi inauzwa kwa bei ya dhahabu

Peleka saa ya dhahabu kwa sonara wa Mombasa, Unguja au Deira kule Dubai, na hata kama mashine yake ilikufa zamani, utatoka na pesa mkononi. Ataiweka kwenye mizani, atathibitisha karati zake, ataangalia dhahabu inauzwaje siku hiyo, na kinachobaki ni hesabu. Sasa mpelekee sonara huyohuyo saa nyeusi ya kauri iliyonunuliwa kwa bei ya gari. Atakurudishia. Hana cha kuyeyusha. Kasha lile limetokana na unga wa oksidi ya zirkoni, malighafi ya kawaida ya viwandani, na unga huo ukishaokwa haugeuki tena kuwa kitu kingine.

Kwetu sisi tuliokulia mahali ambapo dhahabu ni akiba ya kuvaliwa, jambo hili linagoma kuingia akilini. Mama anapomvisha binti yake bangili siku ya harusi, hampi pambo tu. Anampa kitu cha kumwokoa siku mambo yakienda mrama. Saa ya kifahari nayo ilisimama juu ya msingi huo kwa miaka mingi: ukitaka kuielewa bei yake, anza na madini. Leo hii watu wenye uwezo kamili wa kununua dhahabu wanaiacha dirishani, wanachagua saa nyeusi tititi kuanzia kasha mpaka mkanda, na wala hawaombi kupunguziwa.

Jibu rahisi ni kwamba nyeusi inakwenda na kila nguo. Halinitoshi. Casio F-91W, ile saa ndogo ya plastiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo mpaka leo utaikuta kwenye meza za wachuuzi karibu kila mji wa Afrika Mashariki, nayo ni nyeusi na inakwenda na kila nguo. Ninavyoona mimi, mvuto wa saa nyeusi ya kifahari unatoka mahali pengine: ilizaliwa wakati thamani ya saa ilipoachana na thamani ya madini, na ndiyo iliyolisema hilo kwa uwazi kuliko saa yoyote. Inamwambia mnunuzi kwamba analipia kazi ya watu na ujuzi wao, basi. Na kwa kuwa ahadi yenyewe ni hiyo, tuna haki ya kuikagua kila saa nyeusi tuone kama kazi hiyo imo kweli, au imepakwa rangi tu ili bei ipande.

Mwaka wa kuanzia ni 1972. Huko Basel, kwenye maonyesho ya saa, kampuni ya Audemars Piguet ya kijiji cha Le Brassus ilizindua Royal Oak iliyochorwa na Gérald Genta: saa ya chuma cha pua, yenye ukingo wa pembe nane na skrubu nane zinazoonekana, kwa bei iliyozidi faranga 3,000 za Uswisi. Kwa pesa hizo mtu angepata saa ya dhahabu kwa mtengenezaji mwingine. Wapo waliodhani kampuni imepotea njia. Lakini walioishika waliona kilicholipiwa: kila upande uliosuguliwa kwa mistari myembamba unakutana na upande uliong'arishwa, na mpaka kati yao umenyooka bila kuyumba, kuanzia kwenye kasha hadi pingili ya mwisho ya mkanda. Chuma cha bei ndogo kilikuwa kimebeba kazi ya bei kubwa.

Mwaka huohuo, Stuttgart, Ferdinand Alexander Porsche, yule aliyelichora gari la 911, alikuwa ametoka kwenye kampuni ya familia baada ya ukoo wao kuamua kujiondoa katika uendeshaji wake. Akafungua studio ya ubunifu. Saa ya kwanza ya studio hiyo, Chronograph I, ilitengenezwa na Orfina ya Uswisi. Kasha jeusi, mkanda mweusi, uso mweusi. Alama na mishale vikaachwa vyeupe, na mshale mrefu wa kupimia sekunde ukawa mwekundu. Hoja yake haikuwa urembo. Kwenye dashibodi ya gari la mwendo kasi, kipimo cha mwendo huwa na uso mweusi usiometa ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni, na namba nyeupe zisomeke kwa kutupa jicho mara moja. Porsche aliihamisha kanuni hiyo kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye kifundo cha mkono wa dereva.

Naipenda sana asili hii, na nadhani ndiyo kipimo cha haki cha saa zote zilizofuata. Weusi wa 1972 ulikuwa na kazi. Ukiutoa, saa inapoteza maana yake, kwa sababu kasha linalometa lingeharibu usomaji ule uliokusudiwa.

Haikuwa bahati nasibu kwamba mambo haya mawili yalitokea pamoja. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilikuwa imeanza kuuza Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa na betri na kwatsi, fuwele inayotetema kwa umeme, na miaka michache baadaye saa za namna hiyo zikawa rahisi kuliko mtu alivyofikiria. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa takriban 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 imebaki kama theluthi moja tu. Saa ya vyuma na springi ilishindwa vibaya katika kutaja saa sahihi, na ingeendelea kushindana kwa usahihi ingekufa. Ilibidi iuze kitu kingine. Genta alijibu kwa umaliziaji wa chuma, Porsche kwa rangi na mantiki ya chombo cha kazi. Saa nyingi za kifahari tunazoziona leo zina damu ya mmoja wao.

Ila saa za mwanzo zilikuwa na udhaifu, na udhaifu huo haujaisha hadi leo kwa zile zinazopakwa. Chuma chenyewe si cheusi. Weusi unawekwa juu yake. Njia iliyoenea zaidi huitwa PVD: makasha yanatundikwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa yote, madini yanageuzwa mvuke kwa nguvu za umeme, na mvuke ule unatua juu ya chuma na kushikamana nacho kama utando. Unene wake huwa ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita, mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi. Kuna njia ya kisasa zaidi, DLC, inayoweka utando wa kaboni wenye tabia zinazokaribia za almasi, na huo ni mgumu kweli. Hata hivyo chini yake bado kuna chuma laini. Ukiigonga saa kwenye ukingo wa mlango, utando wenyewe hauchaniki. Chuma kilicho chini ndicho kinachobonyea, na utando ukikosa pa kuegemea unapasuka.

Fundi saa mmoja wa Kariakoo ninayempelekea kazi zangu huwa hahangaiki na uso wa saa nyeusi anapoletewa. Anabana lenzi kwenye jicho na kwenda moja kwa moja sehemu nne: pembe pale mkanda unaposhikana na kasha, meno ya kitufe cha kukazia, bizimu, na ukingo wa mfuniko wa nyuma ambako funguo za mafundi hupita. Kwenye saa iliyopakwa na kuvaliwa miaka kadhaa, pembe hizo huwa zimeanza kutoa mstari mwembamba wa fedha. Bizimu ndiyo huanza, kwa sababu ndiyo inayosugua meza kila mtu anapoandika. Akimaliza kuangalia hapo, anajua umri wa saa na tabia za mwenye saa kabla hajaambiwa lolote. Mara moja nilimwona akimrudishia mteja saa aliyotaka isuguliwe mikwaruzo. Akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, hii nikiisugua nitaitoa rangi yote. Vaa tu."

Hapo ndipo saa ya kupakwa inapoachana na desturi nzima ya saa nzuri. Dhahabu na chuma cha pua husuguliwa na kurudia upya. Saa ya babu inaweza kung'arishwa mjukuu akaolewa nayo. Iliyopakwa haina njia hiyo. Ama uikubali ikizeeka, ama uirudishe kiwandani ivuliwe utando na kupakwa upya, kama kiwanda kinakubali. Wakusanyaji wa saa wameanza kuupenda uzee huo. Heuer Monaco nyeusi ya katikati ya miaka ya 1970, ambayo wapenzi wake wameipa jina la Dark Lord, ilitengenezwa kwa idadi ndogo na leo inasakwa kuliko ile ya buluu iliyoitangulia, na ni nadra kuiona ambayo pembe zake hazijapauka. Mimi nakubaliana nao kwa kiasi. Pembe iliyopauka kwa kuvaliwa inaonyesha saa ilifanya kazi. Kisichokubalika ni kampuni kuuza mpako wa sehemu chache kati ya elfu moja za milimita kwa nyongeza nono juu ya bei ya saa ileile ya chuma, huku mnunuzi haambiwi kwamba rangi hiyo ina mwisho.

Suluhisho lilipatikana mwaka 1986, na halikuhusu mpako bora. Lilihusu kuachana na mpako. Mwaka huo Rado ilitoa Integral iliyotumia kauri ya kisasa kwenye mkanda, na IWC ya Schaffhausen ikaitia saa yake ya Da Vinci, yenye kalenda ya kudumu (inayojua yenyewe miezi mifupi na miaka mirefu) iliyobuniwa na Kurt Klaus, ndani ya kasha la kauri ya oksidi ya zirkoni. Weusi sasa ulikuwa mwili wenyewe.

Inafaa kueleza kasha hilo linavyopatikana, kwa sababu bila kujua hili bei yake inaonekana ni wizi. Unga mweupe wa oksidi ya zirkoni unachanganywa na rangi inayotokana na oksidi za metali, kisha na gundi ya kuushikilia. Unashindiliwa kwenye kalibu kupata umbo. Gundi inatolewa taratibu, halafu kitu kile dhaifu kama chaki kinaingia kwenye tanuri la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Humo kinasinyaa. Hakisinyai kidogo: kinapoteza kati ya sehemu ya tano na robo ya ukubwa wake, na kinapaswa kusinyaa sawasawa pande zote. Mhandisi anachora kasha kubwa kuliko analolitaka na kukadiria litakavyotoka. Akikosea kwa upana wa unywele, kioo hakikai na maji yanaingia. Na likishatoka tanurini limekuwa gumu kiasi kwamba vyuma vya kawaida haviligusi tena. Kuanzia hapo kila tundu na kila ukingo unafanywa kwa vifaa vyenye almasi. Kwa kipimo cha Vickers, chuma cha pua kina ugumu wa takriban 200. Kauri hii inapita 1,200.

Ukiivaa unajua. Chuma asubuhi kinakushtua kwa ubaridi; kauri haipitishi joto upesi, kwa hiyo inaelekea kuwa na joto la mwili wako tangu dakika za kwanza. Ni nyepesi kuliko macho yanavyokuandaa. Wale ambao nikeli iliyomo kwenye chuma huwawasha ngozi wanaivaa bila shida. Mchanga wa ufukweni, adui mkubwa wa saa zinazong'arishwa, unapata kazi ngumu sana kuichana. Na weusi wake una kina ambacho mpako haukifikii, hasa ikiwa imeng'arishwa: mwanga hauishii juu, unaonekana kama umezama kidogo kabla ya kurudi.

Chanel ndiyo iliyoufanya weusi huu ujulikane nje ya duara la wanaume wapenda injini na ndege. Mwaka 2000 ilizindua J12 iliyobuniwa na Jacques Helleu, kasha na mkanda vyote kauri nyeusi inayong'aa. Wataalamu wa saa hawakuichukulia kwa uzito, kwa kuwa ilitoka kwenye nyumba ya mitindo, lakini wanawake waliinunua na kuendelea kuinunua, na ndiyo iliyothibitisha kwamba kauri inaweza kuuzwa kwa bei ya vito. Huwa nasikitika makala za saa nyeusi zinapoiruka na kwenda moja kwa moja kwenye Omega ya mwaka 2013, ile Speedmaster iliyopewa jina la upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Omega ile ni nzuri, kasha lake limechongwa kwenye pande moja la kauri, na jina lake lina haki: wanaanga wa Apollo 8 ndio waliokuwa wa kwanza kuuona upande huo kwa macho yao, Desemba 1968. Lakini njia ilikuwa imeshafyekwa na saa ya nyumba ya mitindo miaka 13 kabla.

Halafu mwaka 2017 ukoo wa Genta na ukoo wa Porsche wakaoana. Audemars Piguet ilitoa Royal Oak yenye kalenda ya kudumu, kasha na mkanda vikiwa kauri nyeusi. Kumbuka kilichoifanya Royal Oak kuwa Royal Oak: nyuso zilizosuguliwa kukutana na zilizong'arishwa bila mpaka kuyumba. Kwenye chuma, hilo ni kazi ya mkono wenye uzoefu. Kwenye kitu kinachopita chuma kwa ugumu mara sita, ni adhabu. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba mkanda wa chuma unachukua saa 6 hivi za kazi hadi kukamilika, na wa kauri unachukua 30. Hiyo ndiyo saa nyeusi ninayoiweka mbele ya nyingine zote, na sababu si jina. Ni kwamba ukishika lenzi na kutazama ukingo wa pingili moja tu, bei inajieleza. Weusi wenyewe unasaidia kuonyesha kazi: hakuna mng'ao wa madini wa kukuvuta macho, kwa hiyo kinachobaki kutazamwa ni mistari, kona, na nidhamu ya mtengenezaji.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: kama kazi yote hiyo haionekani kwa mbali, mtu anaivalia nani? Swali hilo Jean-Claude Biver alilijibu kibiashara kuliko mtu yeyote. Aliingia kampuni ya saa ya Hublot mwaka 2004, akatoa Big Bang mwaka 2005, na mwaka 2006 akaleta All Black: kasha jeusi, uso mweusi, alama nyeusi, mishale myeusi. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mtu ana saa kwenye simu yake, kwa hiyo anayenunua saa ya namna hii haisakii wakati. Anataka kitu ambacho hakionekani na papo hapo kinaonekana. Miaka miwili baadaye LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari, ikainunua kampuni nzima. Kwa mashabiki wa soka wa kwetu, Hublot si ngeni hata kwa asiyejali saa: ule ubao anaounyanyua mwamuzi wa akiba kwenye mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, kuonyesha dakika za nyongeza, umewahi kuwa na umbo la saa zao.

Kutoonekana na kuonekana kwa wakati mmoja si wazo geni kwa mtu wa pwani. Kwenye shughuli yoyote ya Mombasa, Lamu au Muscat, mabuibui yote ni meusi. Mgeni anaona kundi moja la watu wa rangi moja. Wenyewe wanajua mara moja: kitambaa hiki ni cha wapi, kinaangukaje, mshono wa mkono umefanywa na fundi gani, uzi wa pindoni ni wa hariri au la, na mwenye kuvaa ametumia kiasi gani. Hakuna aliyeuliza bei na kila mmoja anaijua. Saa nyeusi ya kifahari inafanya kazi vivyo hivyo kati ya watu wanaozifahamu. Kwenye matatu au daladala, aliyevaa kauri ya mamilioni na aliyevaa Casio ya plastiki wanaweza kukaa kiti kimoja na abiria wa tatu asitofautishe. Katika miji kama London, ambako watu wamekuwa wakiporwa saa mikononi mchana kweupe, hilo nalo lina uzito wake. Dhahabu inawaita wezi kutoka ng'ambo ya barabara.

Sikubaliani, hata hivyo, na wale wanaousifu utulivu huu kama unyenyekevu. Mtu mnyenyekevu hanunui saa ya bei hiyo. Aliyevaa nyeusi anataka kutambuliwa sawasawa na aliyevaa dhahabu, tofauti ni kwamba amechagua nani amtambue. Hilo halina ubaya kwangu. Nalitaja kwa sababu wauzaji wanapenda kulipamba kwa maneno ya hekima, na mnunuzi anapaswa kulipia saa, asilipie sifa njema za tabia.

Na kuna jambo kwenye All Black ambalo siwezi kulisamehe. Haisomeki. Mishale myeusi juu ya uso mweusi inamlazimu mwenye saa kuigeuzageuza kwenye mwanga ili ajue kama ni saa nane au saa tisa. Weusi wa Porsche ulikuja ili saa isomeke haraka zaidi. Huu umekuja na kuufuta usomaji wenyewe, kisha ukauita ubunifu. Kampuni nyingi zikaiga, kwa sababu ni rahisi kuiga. Hoja ya simu haiwatoshi. Mtu anayenunua mashine yenye mamia ya vipande vilivyopangwa kwa mkono ili ihesabu wakati, halafu akazuiwa kuuona wakati huo, ameuziwa nusu ya alichostahili.

Ukitaka kuona tahadhari ya upande wa pili, itazame Rolex. Katika orodha yake ya kawaida hakujawahi kuwa na saa yenye kasha lote jeusi. Ilipeleka kauri kwenye ukingo wa kuzunguka kioo tangu mwaka 2005, lakini haikuifikisha kwenye kasha. Pengo hilo likajazwa na watu wa nje, maarufu zaidi akiwa George Bamford wa London, aliyekuwa akichukua Rolex mpya na kuzipaka nyeusi kwa wateja waliokubali kupoteza dhamana ya kiwanda. Waliokuwa tayari kufanya hivyo walikuwepo wa kutosha kujenga biashara nzima. Mwaka 2017 Bamford aliachana na kazi hiyo na kuingia makubaliano rasmi na kampuni za saa za TAG Heuer na Zenith. Rolex bado haijatikisika. Weusi kamili imemwachia mdogo wake, Tudor, kampuni inayomilikiwa na wakfu uleule unaoimiliki Rolex, wa Hans Wilsdorf aliyeianzisha. Mwaka 2021 Tudor ilitoa Black Bay Ceramic, kasha la kauri isiyong'aa, mashine iliyopimwa na METAS, ile taasisi ya vipimo ya serikali ya Uswisi, kwa usahihi na kwa kuhimili sumaku ya gausi 15,000, na mishale inayoonekana vizuri usiku. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na saa nilizozitaja hapo juu, na kwa macho yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na fikra ya 1972 kati ya zote za miaka hii.

Kwa soko letu kuna hatari ambayo wanaoandika kutoka Geneva hawana haja ya kuifikiria. Weusi usiong'aa ni rafiki mkubwa wa feki. Kwenye chuma kilichong'arishwa, kona iliyokatwa vibaya inaonekana; kwenye chuma kilichopigwa mchanga na kupakwa rangi nyeusi, kasoro zote zinafunikwa kwa safari moja. Ndiyo maana feki za saa nyeusi zinadanganya wengi kwenye picha za simu. Muuzaji akikwambia ni kauri, iguse shavuni: ikiwa na ubaridi mkali wa chuma, anza kushuku. Kisha itazame pembe kwa lenzi, kama anavyofanya yule fundi. Kauri haina tabaka, kwa hiyo ukiona rangi tofauti inachungulia popote, umeuziwa mpako.

Na hata ikiwa ya kweli, lipo swali la kumwuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa, nalo linahusu udhaifu wa kauri yenyewe. Haichaniki, haipauki, lakini ikianguka vibaya kwenye sakafu ya vigae inaweza kumeguka, na kauri iliyomeguka haichomelewi wala kuzibwa na fundi yeyote, wa Kariakoo au wa Schaffhausen. Inabadilishwa kasha zima. Kwa hiyo uliza kasha la akiba linauzwa bei gani, linapatikana kwa nani katika ukanda huu au ni lazima saa isafirishwe Ulaya, na kampuni inaahidi kuendelea kulitengeneza kwa miaka mingapi baada ya toleo hilo kusimamishwa. Taka majibu hayo kwa maandishi. Da Vinci za kwanza za kauri zina miaka 40 hivi sasa, na walionazo wanahitaji majibu hayohayo.